Mwanzo Aliokosa Mke wa Koplo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuwasimulia watu televisheni lilikuwa kudhani kwamba hadithi ukiitoa mtu mmoja inabaki ile ile. Nilimtoa mama. Nitaeleza ilivyokuwa, lakini kwanza lazima niseme habari za mwanamke aliyeangukiwa na kosa hilo. Ukurasa huu nimeuanza mara nyingi na kuuchana. Kila nikisoma nilichoandika, naona nimemfanya mtakatifu au nimemfanya mshtakiwa, na yeye hakuwa mmojawapo.

Tulimwita Mke wa Koplo. Mumewe alikuwa amestaafu polisi, akarudi kijijini kwetu Keumbu, akaishi miaka michache, akafa. Jina la mke halikubadilika hata baada ya hapo. Aliyekuwa na haja naye alimwita Mama, na akishaondoka alimrudishia cheo cha mumewe.

Mimi ni fundi wa redio. Sikusomea. Niliacha shule darasa la saba, nikajifunza kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga tena mpaka zikalia. Kiswahili nacho nilijifunza hivyo hivyo, kwa kukifungua na kukifunga, na mpaka leo naogopa kwamba kuna skrubu nimeisahau nje. Mwenye duka la kona alipoleta televisheni, ile ya kuendeshwa kwa jenereta, ni mimi niliyepanda juu ya mabati kuielekeza antena upande wa Kisumu. Picha ilikuja na chenga nyingi, lakini ilikuja, na watu wakaanza kukusanyika.

Kilichowakusanya zaidi ni mchezo wa familia ya polisi. Ulikuja kila Jumamosi jioni. Baba alikuwa sajini katika mji usiotajwa, mama alikuwa wa nyumbani, na kijana wao mkubwa alikuwa ameanza kutembea na wezi. Ulikuwa wa Kiswahili, na wengi waliokaa pale dukani walizoea lugha yetu ya Ekegusii tu, kwa hiyo nilisimama kando ya televisheni nikitafsiri sentensi kwa sentensi, kama wanavyomtafsiria mhubiri mgeni kanisani.

Tatizo lilikuwa jua. Nusu ya watazamaji wetu walikuwa Waadventisti, na mchezo ulianza Sabato haijaisha. Sisi Wakatoliki tulikaa ndani tangu mwanzo. Wao walisimama uani wakingoja jua lizame, na ili wasisikie yanayosemwa ndani, waliimba nyimbo za dini. Mzee wa kanisa lao ndiye aliyeamua jua limezama lini. Siku za mawingu, ambazo kwetu ni nyingi, alitazama angani, akatazama saa yake, akatazama angani tena, na mtu wa ndani angepaza sauti, "Mzee, jua lenu limekwama Kisii mjini?" Yeye aliendelea kutazama angani. Akishaitikia kwa kichwa, wote waliingia pamoja wakiulizana nani amekufa. Hapo mimi nilitakiwa kuwaeleza mwanzo kwa haraka, kabla sajini hajafungua mdomo tena.

Mke wa Koplo alikuwa Mwadventisti wa kuogopesha. Ijumaa alipika chakula cha siku mbili. Sabato hakuchota maji, hakuwasha moto, hakuzungumza bei ya kitu chochote. Lakini pale uani hakuimba na wenzake. Alisimama karibu na dirisha kuliko wote, mgongo ukiwa ukutani, macho yakiwa barabarani, na midomo imefungwa. Sikujua kama alisikia. Nilijua tu kwamba Kiswahili alikijua kuliko mimi, maana alikuwa ameishi miaka mingi katika lain, zile nyumba za polisi za mstari mmoja, Nanyuki, Voi, na mwisho Nakuru. Kutafsiriwa hakukumhusu. Alichohitaji kwangu ni mwanzo. Alikuwa mtu wa kwanza kuketi na wa kwanza kuniambia, "Fundi, lete ripoti."

Kila kitu kwake kilikuwa ripoti. Mtoto akitumwa chumvi alirudi kutoa ripoti. Hata mbuzi akikohoa usiku, asubuhi aliulizwa ripoti. Aliishi kijijini kana kwamba kuna gwaride wakati wowote. Alikuwa na pasi ya mkaa aliyoibeba tangu Nanyuki, na hakuna kitambaa kilichoingia nyumbani kwake kikatoka bila mkunjo wa kusimama wenyewe. Alipiga pasi kitambaa cha kichwa, leso ya kufungia ndizi, hata kile cha kushikia sufuria. Watoto wa majirani walipitishwa kwake asubuhi ya siku ya kufunga shule, wakatoka na kaptura zilizokauka kama mbao, wakatembea miguu ikiwa imeachana.

Maoni ya watu juu ya mchezo ule yalikuwa mengi, na sehemu kubwa yalikuwa ya kuchekesha. Mwenye duka aliupinga tangu siku ya kwanza. Alisema hawezi kumwamini sajini ambaye mwezi mzima hajaomba hata chai. "Huyu wamemtoa wapi?" aliuliza. "Watuletee huyo hapa kwetu." Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi kutoka Masimba, Mkatoliki mwenzangu, aliyekuja Keumbu kwa biashara na kulala kwa dada yake Jumamosi. Huyo alimchukia mke wa sajini kwa sababu alikuwa amekaa kitini kila alipoonekana. Alitaka kujua kama mama yule hana shamba. Mzee wa kanisa, ambaye miaka ya nyuma alihubiri kwamba michezo ya kuigiza ni njia pana, sasa alisema huu unafundisha mshahara wa dhambi, na akaomba asogezewe kiti mbele.

Mke wa Koplo alitoa maoni juu ya vitu tu. Kaptura ile haijatiwa wanga. Buti la polisi halivuliwi katikati ya nyumba. Sajini gani ana sebule, wakati katika lain mlilala watu saba chumba kimoja na pazia katikati? Tukimwuliza kama sajini amefanya vema au vibaya, alisema, "Mimi naangalia nguo." Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilimwona jinsi alivyogeuza kichwa kila wengine walipoanza kumhukumu mtu wa kwenye mchezo. Alimtazama anayesema, sio televisheni. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki. Nilidhani ni tabia ya polisi.

Alikuwa na msemo wake: "Ukuta wa lain ni pazia, lakini siri ya lain inalala." Maana yake, alivyonieleza siku moja nikimtengenezea redio, ni kwamba pale mnasikia kila kitu cha jirani, mpaka kikohozi, na kwa sababu hiyo mnajifunza kutosikia. Alisema watu wa kijijini ni kinyume. Nyumba zao ziko mbali mbali, na kila kitu wanakisikia.

Kuna jambo moja ambalo Keumbu nzima ililikumbuka juu yake, na lilitugawa. Siku ya soko kijana mmoja alikamatwa na ndizi za mtu. Walianza kumpiga, na mawe yakaanza kuokotwa. Mke wa Koplo aliweka kikapu chake chini, akapita katikati ya watu, akamfunika kijana kwa leso, kisha akaketi juu ya ncha ya leso ile. Hakupiga kelele. Aliketi tu. Anayetaka kurusha jiwe ilibidi kwanza amtazame mama wa makamo aliyeketi mavumbini na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Basi mawe yakashuka. Hapo wengine walianza kumbariki. Lakini askari wa chifu walipofika, ni yeye mwenyewe aliyemwinua kijana, akamshika mkono, akawakabidhi. Kijana alilia akimwita mama. Yeye akamfuta uso kwa leso, akaikunja, akachukua kikapu chake.

Mtu alimwuliza kwa nini asimwachie akimbie. Alisema, "Mkononi mwa polisi atapigwa, lakini atafika. Mkononi mwenu asingefika."

Nusu ya soko walisema ana huruma. Nusu walisema mke wa polisi ni polisi. Nilikuwa katika nusu ya pili, na nilisema hivyo mbele za watu, kwa sauti.

Sasa niseme habari za mtoto wake, maana kila mtu alizijua, au alidhani anazijua. Walipokuwa Nakuru, kifungua mimba wao aliingia katika kundi la wavunja maduka. Alifungwa miaka kadhaa. Aliyemkamata alikuwa baba yake mwenyewe. Alipotoka gerezani hakurudi nyumbani. Alikwenda Kericho kwenye mashamba ya chai, akabaki huko. Keumbu haikumsamehe baba. Mwana akiiba ni aibu, lakini baba kumtia mwanawe pingu lilikuwa neno la kunong'onwa. Koplo alipostaafu alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Alikunywa chai yake peke yake hotelini, fimbo ikiwa katikati ya magoti, na sikumbuki mtu akivuta kiti kwake. Alipozikwa, watu walikuwa wachache kuliko viti vilivyoazimwa. Mwana wa kwanza ndiye aliyepaswa kutangulia kutia udongo. Hakuja. Mdogo wake aliutia kwa niaba yake, na watu wakaangalia chini.

Uani kwa Mke wa Koplo kulikuwa na saiga, nyumba ndogo ya kijana, ya huyo mwana. Kila kiangazi aliikandika upya, na kila paa lilipochoka aliezeka. Ukimwuliza alisema ni ghala la nafaka ya wimbi. Siku moja mvua ilinikuta pale nikaingia kujikinga. Hakukuwa na wimbi. Kulikuwa na kitanda, blanketi lililokunjwa kwa mtindo wa kambini, na kaptura iliyopigwa pasi juu yake.

Jumamosi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mawingu na manyunyu. Mzee wa kanisa alichelewa kuliko kawaida kuamua, na nje waliimba mpaka sauti zikakauka. Ndani, mchezo ulikuwa umefika pale tulipopangoja. Kijana amejificha, wenzake wawili wameuawa na watu sokoni, na sajini anakula bila kuuliza kitu. Mkewe anaingia. Anasimama nyuma ya kiti chake. Anamwambia mahali mtoto alipolala. Halafu anachukua koti la kazi la mumewe, analishika wazi ili aingize mikono. Sajini anakaa kidogo, kisha anainuka na kuingiza mikono. Muuza ndizi aliweka kiganja mdomoni.

Ndipo jua lao likazama, wakaingia kwa fujo wakiwa wameloa. Kwenye kioo kijana alikuwa tayari amefungwa pingu. Wote waliuliza kwa pamoja kimetokea nini, jenereta ilikuwa inakohoa, na mimi nilikuwa nimeshaandaa sentensi yangu. Ndivyo nilivyo. Huandaa sentensi kichwani, nikaing'arisha, na baada ya hapo sitaki iguswe. Nilisema, "Baba yake amemkamata kwa mkono wake mwenyewe."

Mtu akauliza amejuaje alikojificha. Nikasema, "Ni polisi. Polisi hujua." Walicheka, na kicheko kilinifurahisha.

Mke wa Koplo alikuwa hajaketi. "Na mama?" aliuliza.

"Mama hayumo katika sehemu hii," nikasema.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na sentensi nzuri na mama asingeingia ndani yake. Muuza ndizi alinitazama, lakini sajini alikuwa anasema tena, nikageukia kazi yangu. Jenereta ilipopumzika, maoni yakaanza. Mzee wa kanisa alisema sheria ni sheria, lakini hata Abrahamu alipewa kondoo. Mwenye duka alisema baba wa namna hiyo atazeeka bila mtu wa kumletea maji. Kisha mtu wa nyuma akasema, taratibu, "Tunaye tuliyemzika." Hapakuwa na haja ya kutaja nani.

Mke wa Koplo alikunja leso yake mara nne, akatoka.

Siku ya soko alinitumia mtu kwamba redio yake imekufa. Nilikwenda. Redio ilikuwa inaimba mezani. Aliizima akanionyesha kiti.

"Muuza ndizi amenipa ripoti," alisema. "Sasa nipe wewe. Ya kabla ya jua."

Nilimpa yote. Aliniuliza mama yule alisimama wapi, mbele ya mumewe au nyuma. Nikasema nyuma. Aliniuliza mikono yake ilifanya nini. Nikamweleza habari za koti. Hapo alisugua meza kwa kidole kana kwamba kuna doa.

"Mimi nilishika mkanda," alisema. "Koti alikuwa amevaa."

Sikuelewa mara moja. Naona haya kuandika hivyo, lakini sikuelewa.

Alinieleza bila kuinua sauti. Mtoto alikuja usiku kwa mlango wa nyuma wa lain kuomba chakula, akamwambia alikojificha. Wenzake walikuwa wameshapigwa na watu mpaka kufa, na watu wale wale walikuwa bado wanamtafuta. Alimpa ugali, mtoto akaenda zake. Koplo alipoamka alimwambia. Koplo akamwomba aseme tena, akasema tena, naye akamfuata mtoto huko, akamfikisha kituoni akiwa hai. Kuanzia siku hiyo mpaka kufa hakumwambia mtu yeyote nani alimwelekeza. Watu walipomwacha anywe chai peke yake, alirudi nyumbani akasema chai ya leo ilikuwa nzuri.

"Nilitaka kusikia watasema nini juu ya mama wa namna ile," aliniambia. "Nimesimama kwenye lile dirisha miezi mingi nikimngoja. Amekuja, na wewe umemfukuza."

Nilisema samahani. Nilisema nitarekebisha. Nilisema maneno mengine mengi, nami nilipokuwa nayasema nilikuwa ninachagua yaliyo mazuri.

"Usinililie, fundi," alisema. "Jumamosi toa ripoti upya. Useme ulikosea. Mengine nitasema mimi."

Juma lile sikulala vizuri. Sikuogopa kwa ajili yake peke yake. Afadhali niseme kweli. Niliogopa kusimama mbele ya watu na kusema nilikosea, mimi ambaye hurudia kufunga skrubu iliyokwisha kukaza.

Jumamosi jua lilizama wazi, bila mabishano. Walipoingia niliomba jenereta izimwe. Nilisema wiki iliyopita niliwapa mwanzo mbovu, kwamba sajini hakujua kitu, mkewe ndiye aliyemwambia. Muuza ndizi alisema, "Afadhali." Mzee wa kanisa alikunja uso akauliza mama gani huyo anayeweza kumtoa mtoto aliyemnyonyesha. Mwingine akasema mama kama huyo hata mbwa angemkimbia.

Mke wa Koplo aliinuka. Alisimama kama anasimama kwenye mstari, mikono ubavuni.

"Koplo hakumtafuta mtoto," alisema. "Mimi nilimwambia alikolala. Nilitaka afike. Mmemnunia mume wangu miaka yote hiyo. Aliyestahili kununiwa amekaa hapa na ninyi."

Kisha akaketi. Mwenye duka, kwa kukosa la kufanya, akawasha jenereta. Tulitazama mchezo mpaka mwisho. Nilitafsiri, lakini sidhani kama kuna aliyenisikiliza.

Magari ya ndizi huenda Kericho kila juma, na habari hupanda juu ya ndizi. Hazikuchukua muda. Yule mwana wa Kericho alikuja siku ya kazi, mchana, mtu mzima sasa mwenye mvi mbili tatu. Sikumwona. Niliyajua Jumamosi iliyofuata, pale pale dirishani, wenzake wakiimba uani. Safari hii nilikuwa nimetoka nje kunyoosha waya wa antena. Mke wa Koplo aliongea bila kunigeukia, macho yakiwa barabarani kama kawaida yake, na ilikuwa Sabato.

Alisema mwanawe alikwenda kaburini kwanza. Alitia udongo kwa mkono, konzi moja, akasimama pale muda mrefu. Kisha akaingia saiga akalala. Asubuhi aliondoka.

"Alikula?" nikauliza.

"Chakula changu hakukigusa."

"Aliongea na wewe?"

"Alisema blanketi lina joto."

Nilitafuta neno la kumwambia. Kwa mara ya kwanza sikuwa na sentensi iliyoandaliwa. Wenzake waliendelea kuimba. Jua lilikuwa bado juu ya miti.

"Atarudi, Mama?"

"Hakusema." Alinyoosha ncha ya leso yake begani. "Lakini Koplo amepata udongo wake. Ingia ndani, fundi. Picha yako inaruka."

Niliingia. Nilipochungulia tena alikuwa bado amesimama pale, na pengo kati yake na waimbaji lilikuwa kubwa kuliko zamani. Nilipenda kuamini kwamba yeye ndiye aliyesogea.

Siku hizi watu wakipita karibu na kaburi la Koplo hawasemi tena kwamba alimfunga mwanawe. Wakimwona mkewe njiani, wengine huvuka upande wa pili. Mwana hajarudi. Saiga imeezekwa tena mwaka huu, na akiulizwa ni ya nini, Mke wa Koplo husema ni ya mwanawe.